Candiru na Dawa Alizoziacha

Mimi Andama, mji mzima wa Koboko hakuna kinachonikimbiza. Hata nyoka akiniona hupiga saluti. Ndivyo nilivyojigamba asubuhi ile, mimi na dada yangu Candiru tukianika muhogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba.

Candiru hakucheka. Ana kifafa, na dawa hunywa kila siku. Lakini sasa alikuwa ameziacha. Miezi kadhaa hakuwa amepata hedhi, na shangazi Lillian, aliyekuwa nasi pale mwambani, hakumpa nafasi ya kupumua.

"Sema, mimba iko ya nani?"

"Hakuna mimba, shangazi."

"Basi hiyo dawa imefunga tumbo yako. Usiirudie! Utakosa watoto."

Candiru alinigeukia. "Nikinywa, sizai. Nisipokunywa, naanguka. Wewe mjanja, nifanye nini?"

Nikajifanya nageuza muhogo.

Papo hapo Candiru akaanguka. Mwili ukakakamaa, ukaanza kutikisika, povu likamtoka.

"Musiguse! Povu inaambukiza!" shangazi alipiga kelele. Watu waliokimbilia kelele wakasimama mbali, kama wanaotazama nyumba ikiungua. Ni jirani yetu, Mama Bushira, aliyepita katikati yao, akamwekea kitenge chini ya kichwa. Mtikisiko ulipokoma, akamlaza kwa ubavu.

Kesho yake sote, na Mama Bushira pia, tulikwenda mjini Arua, kwenye kliniki. Muuguzi Scovia alipima mkojo: hakuna mimba. Shangazi akatazama sakafu.

"Binti," alisema muuguzi, "ubongo ndio unaotuma maagizo kwenye ovari, yanakokomaa mayai ya mwanamke. Kifafa huweza kuyavuruga maagizo hayo, yai likachelewa, hedhi ikaruka. Baadhi ya dawa pia huchangia. Daktari atakuchunguza, na ikibidi atabadilisha dawa. Lakini kuziacha mwenyewe kunaweza kukuua."

"Nitazaa?" Candiru aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wengi wenye kifafa huzaa. Wewe, siwezi kukuahidi leo. Tutafuatilia pamoja."

Candiru alizipokea dawa zake, akameza moja pale pale, machozi yakimtoka.

Muuguzi akamgeukia shangazi. "Mama, povu haliambukizi. Na hedhi ikimsumbua mtoto, mlete apimwe kabla ya kumhukumu. Je, nani alimsaidia alipoanguka?"

Nikapanua kifua. "Mimi. Nilimshika kichwa mpaka mwisho."

Mama Bushira akakohoa. "Haya, mwanangu. Na yule aliyejifungia chooni, akiniuliza kama povu limefika mlangoni, alikuwa nani?"