Hadubini ya Mtu wa Mlimani

Walikutana wakigombania boksi la mwisho la mirija ya majaribio, kwenye duka la vifaa vya maabara lililojaa watu hadi mlangoni.

"Dada, nimetangulia."

"Umetangulia kuzaliwa, si kufika," alijibu yule dada, mwalimu wa baiolojia, gauni lake la bluu limepauka kwa chaki.

Yule kaka, mtafiti, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akamwachia boksi, akaomba namba. Simu zikafuata, na utani. Mwalimu alimwita Mlimani, maana kwao kijana huyo na taasisi yake ya utafiti vilikuwa mlimani, ambako taa hazizimiki. Shule ya mwalimu ilikuwa bondeni, wanafunzi wanne dawati moja.

Siku moja Mlimani aliibuka darasani na hadubini mpya. Akaiweka mezani kwa madaha, akashika waya, akatazama ukuta wa mbele, wa nyuma, wa pembeni. Soketi hakuna.

"Aichomeke puani!" mwanafunzi alipaza sauti. Darasa likaangua kicheko.

Uani mwalimu alimgeukia. "Umekuja kunianika?"

"Mpenzi, sikujua..."

"Miezi yote hiyo unaniita mpenzi, hujui kama darasa langu lina umeme?"

"Basi hama hapa! Kwetu kuna nafasi ya kazi. Huku utazeekea kwenye chaki. Mwanasayansi hatoki huku."

"Mimi nimetoka huku. Beba zawadi yako, na namba yangu ifute."

Mlimani hakuifuta. Alipopiga, alipokea mama yake mwalimu: "Mwanangu anasema hayupo. Yupo hapa, amenuna."

Akarudi shuleni na hadubini ileile, shati limelowa jasho. Akakaa kizingitini, akaifungua hadubini kwa chini, akaing'oa taa yake.

"Nipe kijioo chako cha poda."

"Ukajitazame ulivyo mjinga?" Lakini alimpa.

Akakipachika palipokuwa na taa, akakielekeza dirishani. Mwalimu akaweka ngozi ya kitunguu chini ya lenzi, akainama kutazama. Seli za kitunguu zilikuwa zimejipanga kama matofali, ziking'aa kwa jua la bondeni.

"Neno lile nililosema lilikuwa la kipumbavu," alisema Mlimani.

"Bado nina hasira. Na siendi taasisi yenu."

"Usiende. Nikuoe na hasira zako."

"Huku asubuhi bomba halitoi maji."

"Nitabeba ndoo."

"Utabeba mbili," alisema, jicho halijabanduka kwenye hadubini.

Alimwoa, akabeba mbili, mpaka uzeeni mgongo ulipokataa. Kijioo bado kipo pale chini ya hadubini, wanafunzi wanagombania zamu ya kutazama. Wenyewe wawili ndio hawapo tena duniani.