Matawi ya Ziwa Suolo

"Yote?" Ravna alifoka. "Umeng'oa matawi yote?"

"Kuanzia rasini mpaka hapa," Oula alijibu. "Sikutaka wavuvi wa ng'ambo ya ziwa wafuate njia yetu, shemeji. Wakijua samaki wetu wa trauti walipo, kufika Jumamosi watakuwa wamewamaliza."

"Kaka yako aliyachomeka akipima barafu hatua kwa hatua! Ndiyo alama zetu za njia ya kurudi!"

"Usinipigie kelele. Asubuhi jua lilikuwa linawaka."

Sasa halikuwapo. Theluji ilivuma kutoka kila upande, na Niillas, mume wa Ravna, alikuwa amekaa kwenye theluji na suruali iliyokakamaa kama gome la mti. Bila matawi ya kufuata, pikipiki yao ya theluji ilikuwa imepotelea mdomoni mwa mto, mahali ambapo mkondo hula barafu kutoka chini. Niillas alizama mpaka kiunoni. Walimvuta kwa kofia ya koti. Pikipiki ilikwenda chini na nguo kavu zote. Sleji, kigari cha kuteleza kilichofungwa nyuma yake, ilibaki juu kwa sababu Ravna aliwahi kukata kamba.

"Niillas, vidole vya miguu unavisikia?"

"Vya kulia. Vya kushoto sivisikii."

"Kibanda chetu cha ufukweni kiko kule," Oula alisema, akinyoosha mkono.

"Kule ni wapi? Hata mkono wako huuoni."

Ravna alipiga magoti, akavua glovu, akapapasa chini ya theluji laini. Chini yake kulikuwa na migongo migumu ya theluji iliyochongwa na upepo wa kaskazini-magharibi majira yote ya baridi. Upepo wa leo ulikuwa umegeuka, migongo haikugeuka.

"Tunaivuka migongo hii kwa kuikata mkingamo, kila hatua. Kibanda kiko kaskazini-mashariki."

Aliipindua sleji. Trauti kumi na mmoja walimwagika.

"Samaki wangu!"

"Wabebe mdomoni. Mlaze kaka yako hapa."

Ravna alitangulia na mtaimbo, kamba kiunoni, kwa kuwa yeye ndiye mwepesi zaidi. Alipiga barafu mara mbili, akakanyaga. Mara mbili, akakanyaga. Mara moja mtaimbo ulitoboa kwa pigo la kwanza, na maji ya kijivu yakaenea chini ya theluji. Walirudi nyuma wakitambaa kwa matumbo, wakaizunguka sehemu ile. Nyuma yake Oula alikuwa analia.

"Unalia nini? Vuta."

Vichaka vya ufukweni vilimchanja Ravna uso kabla hajaviona. Alifuata ukingo mpaka akagonga ukuta wa kibanda.

Aliwasha jiko, akachana kiatu cha kushoto cha Niillas kwa kisu. Mguu ulikuwa mweupe kama nta. Oula alitaka kuusugua. Ravna akampiga mkono.

"Utamchuna ngozi. Chemsha maji, uyapoze mpaka kiwiko kivumilie."

Simu ilishika mtandao dirishani tu. Waokoaji walisema watakuja upepo ukitulia. Baada ya saa nzima Niillas alipiga yowe, akawatukana wote wawili na ukoo wao, na damu ikarudi kwenye vidole vinne. Cha mwisho kilibaki cheupe na baridi.

"Afadhali tukana," Ravna alimwambia, akimfuta jasho.

Oula alisogea karibu, sauti chini. "Shemeji, mambo ya pale mahali petu pa kuvulia yabaki humu ndani. Mwezi wa tatu barafu ikinenepa tutarudi, sisi tu."

Ravna alimtazama. Jumamosi familia nzima nzima zingeshuka ziwani kuvua, na watoto, na hakukuwa na tawi hata moja lililobaki kuwaonyesha barafu salama.

Alichukua simu, akaenda dirishani, akampigia mwenyekiti wa wavuvi.

"Piera, chukua kalamu. Trauti wako mdomoni mwa mto, upande wa kusini, kina mita nne. Barafu ya pale imeoza, na alama za njia zimeng'olewa zote. Watangazie watu wote, pande zote mbili za ziwa, asiende mtu." Alisikiliza kidogo. "Aliyeng'oa? Oula. Yuko hapa, nakupa uongee naye."

Akamkabidhi simu.