Chupa Waliyoizika Kichwa Chini

"Dwight Tackett, umeichimbua chupa yangu."

Marlene Hobbs alikuwa amesimama katika bustani ya matufaha nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake, simu sikioni, koleo mkononi. Shimoni hamkuwa na kitu ila mizizi.

"Habari za asubuhi na wewe, Marlene."

"Iko wapi?"

"Ninayo."

"Umesikia wanunuzi wanatafuta chupa za wiski ya zamani ya Pruitt, ukaja usiku na koleo."

"Siyo hivyo."

"Basi ilete niionje. Chupa haitanidanganya."

"Na mimi je?"

"Wewe ulishanidanganya. Leta chupa."

Akakata simu.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, kama wachumba wengi wa huku Kentucky, walizika chupa ya wiski mahali pa harusi yao mwezi mmoja kabla, kichwa chini, ili siku hiyo mvua isinyeshe, kisha waichimbue na kuinywa. Marlene alikuwa mwonjaji wa kiwanda cha Pruitt, Dwight fundi mapipa wa hapo hapo. Kisha kiwanda kikafungwa. Dwight akapata kazi Tennessee, Marlene akakataa kumwacha mama yake mgonjwa, wakagombana. Siku mbili kabla ya harusi Dwight akaondoka.

Mvua haikunyesha. Jua liliwaka kutwa nzima, bila bwana harusi.

Wiski ya chupa ile ilitoka kwenye pipa la mwisho alilolichagua Marlene mwenyewe. Ilipozikwa ilikuwa chupa ya kawaida tu. Sasa hakujua kama ipo nyingine.

Mchana Dwight alisimamisha gari nje. Nywele zilikuwa nyeupe, mabega yale yale. Aliweka chupa mezani jikoni, wima, kwa mikono miwili.

"Kaa," Marlene alisema, akitoa bilauri mbili ndogo. "Kama kizibo kimelala na wiski miaka yote hii, kitakuwa cheusi na laini, na nitasikia ladha ya karatasi iliyolowa. Nitajua umeitoa juzi."

"Na kama siyo?"

"Kwanza tuone."

Alizungusha kizibo taratibu. Kikavunjika katikati, kikavu kama ganda la mkate. Marlene alikitazama muda mrefu. Akaichuja wiski kwa kichujio cha chai, akaiacha itulie, akanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, akaonja.

"Mbona husemi?"

"Njugu. Cheri. Sukari iliyoanza kuungua. Na pipa lako."

"Pipa langu lina ladha gani?"

"Ya fundi aliyelichoma ndani kwa moto zaidi ya alivyoagizwa."

"Uliniambia mapipa yangu yanapendeza."

"Nilikuwa mchumba wako."

Dwight alicheka. Marlene hakucheka.

"Kizibo ni kikavu. Ilitoka ardhini zamani, ikakaa wima. Lini?"

"Siku ya harusi. Jioni."

"Ulikuwa Tennessee."

"Nilikaa Tennessee siku mbili, nikageuza gari."

"Hayo ni maneno tu."

Dwight aliinuka, akaenda garini, akarudi na kitambaa cha meza kilichokunjwa. Kilikuwa cheupe, kingo zake zimetariziwa maua ya buluu. Mkono wa mama yake Marlene, haukuhitaji kuulizwa.

"Nilikifungia chupa," Dwight alisema. "Meza zilikuwa zimetandikwa bustanini, hapakuwa na mtu. Nimeona haya kukirudisha mpaka leo."

"Mama alikataa kuzitandua. Alisema utarudi." Marlene aligusa ua moja. "Mbona hukugonga?"

"Nilifika mpaka dirisha hili. Nikakusikia unacheka. Nikasema, huyu hanihitaji tena."

"Nilikuwa namcheka dada Bonnie, alikuwa amevaa viatu vyangu vya harusi analisha kuku. Nilikuwa nimelia tangu asubuhi, Dwight. Nilikuwa nimechoka."

"Sikujua."

"Ungegonga."

"Ningegonga."

Marlene aliigeukia chupa.

"Na chupa uliitakia nini?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha wiski haiachwi ilalie kizibo. Nilijua kwa hasira ile hutaichimbua. Sikutaka kazi yako iharibike."

"Miaka yote hii hukuionja?"

"Ilikuwa ya watu wawili."

Marlene akamimina bilauri ya pili, akamsogezea. Dwight alikunywa kidogo, akafumba macho.

"Ni ile ile," alisema.

"Wiski ikishatiwa chupani haibadiliki. Ni sisi tuliozeeka."

"Wewe hujazeeka sana."

"Usianze. Tennessee wamekufundisha uongo mbaya."

"Sirudi Tennessee. Nimepata kazi ya mapipa huku, tangu majira ya kuchipua. Nilikuwa natafuta jinsi ya kugonga."

Marlene alimtazama. Hakuona sababu ya kuonja mara ya pili kitu alichokwisha kukijua. Akachukua simu, akamwandikia dada yake:

"Bonnie, nisamehe kuhusu kitambaa cha Mama. Kumbe hukukichukua wewe."

Jibu lilikuja upesi: "NILIKWAMBIA. Amekichukua nani?"

"Dwight. Yupo hapa jikoni. Usipange safari mwezi wa kumi."

Dwight, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tuzike nyingine, harusi isinyeshewe?"

"Ya bei rahisi. Hii tunaimaliza."

Simu ikalia tena: "Na chupa nani ataizika?"

Marlene aliandika: "Yeye. Safari hii namsimamia mpaka siku ya kuichimbua."