Jina la Aliye Hai

Mtoto alikuwa na wiki sita, na kila alipoitwa jina lake hakumtazama aliyemwita. Aligeuza kichwa upande wa mlango.

Kinga, mama yake, ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameinama juu ya kitanda kidogo, pua yake inakaribia kugusa pua ya mwanawe, akasema, "Frajda! Frajda wangu!" Macho ya mtoto yakampita, yakavuka meza na jiko la vigae, yakaganda kwenye mlango wa kibaraza. Kinga akageuka. Hapakuwa na mtu. Makoti yalining'inia pale, viatu vilikuwa vimepangwa chini yake. Akacheka peke yake, akamvika mtoto soksi iliyomvuka.

Nyumba ilikuwa ya bibi yake Kinga, nyumba ya mbao katika mji mdogo wa Poland, karibu na mto Bug. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na mitatu, na mji mzima ulimjua kwa jina la Genowefa. Alikuwa mkali. Alikula haraka kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na hakumbembeleza mtu. Kinga na mumewe Witek waliishi naye, na tangu mtoto azaliwe, mama yake Witek, Bogumiła, alikuwa amehamia hapo kusaidia. Alisaidia sana kwa mikono, na kwa mdomo zaidi.

Jina la mtoto lilileta vita tangu siku ya kwanza.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kinga alikwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa cha bibi, akakuta kwamba kanisani hakuna Genowefa aliyezaliwa mwaka ule. Alitafuta miezi mitano. Mwishowe, katika daftari kuukuu la Wayahudi wa mji uleule, akamwona: Frajda, binti wa fundi kofia Szpiro, aliyezaliwa tarehe ileile ya bibi. Alilia pale mezani hadi mtunza daftari akamletea chai. Tangu siku hiyo akawa kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Alinunua vinara, akaanza kuwasha mishumaa kila Ijumaa, akajifunza kusuka mkate, akawa anapanda basi kwenda Lublin kujifunza nyimbo.

"Mwaka jana ilikuwa yoga," Witek alisema. "Mwaka huu ni Uyahudi. Mwakani tutafuga ngamia."

Mishumaa ilipowashwa, bibi alitoka chumbani.

Basi Jumapili moja, mtoto akiwa na siku chache tu, wakila maandazi ya viazi na jibini, Kinga aliinuka na uso unaong'aa. "Bibi, nina zawadi yako. Nimemwandikisha mtoto. Anaitwa Frajda. Jina lako la kweli!"

Bibi akaweka uma chini.

"Mimi nimekufa?"

"Bibi, jamani!"

"Nakuuliza wewe msichana. Nimekufa?"

"Nilitaka kukuheshimu."

"Kalifute."

"Mimi naunga mkono," Bogumiła akadakia. "Majina yote ya watakatifu yapo, wewe unaenda kuchimba makaburini. Mwanangu alioa Mkatoliki. Leo mkwe ni Myahudi, mjukuu ni Myahudi, kesho nitaambiwa paka naye ni Myahudi."

"Nitalifuta kwa sababu ipi?" Kinga aliuliza. "Nipe sababu moja, bibi."

Bibi alikuwa na miaka sita alipofichwa wakati wa vita. Mengi aliyofundishwa yalikuwa yamemtoka, na kilichobaki kilikuwa hofu tupu isiyo na maelezo. Akasema tu, "Jina hilo lisitajwe ndani ya nyumba hii." Kinga akaliona kuwa ni aibu ya kizee, na kuanzia siku hiyo akawa analitaja kwa makusudi, kwa sauti ya furaha, asubuhi na jioni.

Siku mbili baada ya mtoto kuutazama mlango, ikaanza sauti ya miguu.

Haikuwa hatua. Ilikuwa sauti ya mtu anayejifuta viatu kwenye zulia la kibarazani, taratibu, kwa adabu, kushoto kisha kulia. Mtu yeyote hujifuta mara tatu au nne halafu hugonga. Huyu hakugonga. Alijifuta robo saa nzima. Witek alipofungua mlango hapakuwa na mtu, ila zulia lilikuwa limelowa tope jeusi, na harufu ilimpiga usoni, harufu ya viazi vilivyooza chini ya udongo na ya manyoya ya mbwa aliyelowa.

"Bomba la choo," akasema. Lakini aliufunga mlango kwa komeo.

Siku hiyo mtoto akaacha kulia. Watu wa nje wangemsifu, mtoto gani mtulivu hivi, ila Kinga alipomwekea titi mtoto alilishika tu kwa midomo bila kuvuta, macho yakiwa mlangoni, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo ataitwa. Daktari alimpima akasema hana homa, mapafu safi, moyo safi. Alipoteza gramu mia mbili, halafu nyingine mia mbili. Daktari akasema akishuka tena atalazwa.

Bogumiła akamleta padri. Padri alikuwa kijana mwenye mafua. Alisoma sala zake, akanyunyiza maji kwenye pembe nne za nyumba, na muda wote huo miguu ilinyamaza kwa heshima. Alipomaliza, alipokuwa akifunga vifungo vya koti, ikaanza tena nje ya mlango, kushoto, kulia. Padri alitoka kwa mlango wa nyuma.

"Umechimba," Bogumiła akamwambia mkwewe, "na sasa umepata funza. Mtoto akifa, mimi mbele ya Mungu nitakutaja wewe."

"Nyamaza, mama," Witek akasema.

"Ninyamaze? Mjukuu wangu anakauka kama uyoga juani, halafu ninyamaze?"

Jumanne iliyofuata, saa tisa na nusu alasiri, mwanga wa Novemba ukianza kuchujuka madirishani, Kinga na Bogumiła walikuwa jikoni wakimenya viazi bila kuzungumza, kwa kuwa hawakuwa wanazungumza tena, na mtoto amelala katikati yao kwenye kapu, mdomo wazi, ndipo mwanamke mmoja alipoita kutoka kibarazani, kwa sauti nyororo yenye furaha nyingi, sauti ya mtu aliyeleta zawadi:

"Frajda! Frajda wangu!"

Bogumiła aliinua kichwa. Alimtazama Kinga, akautazama mdomo wa Kinga, uliokuwa umefumba.

"Umenyamaza hapa," akanong'ona. "Sasa nani anaongea kule?"

Sauti ile ilikuwa ya Kinga mwenyewe, na haikufanana nayo kidogo tu bali ilikuwa yake kabisa, pamoja na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho aliokuwa nao tangu utotoni, na ilikuwa inarudia maneno yaleyale aliyoyasema asubuhi na jioni kwa wiki sita, kwa furaha ileile, na kila iliporudia ilikuwa imesogea kidogo, kwanza kwenye ngazi, kisha kwenye zulia, kisha usawa wa tundu la ufunguo, na ndani ya kapu mtoto asiyeweza hata kuketi alikuwa anajikunja kiuno na kunyoosha mikono miwili kuelekea mlangoni, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Bogumiła alijitupa juu ya kapu na kifua chake chote. "Hatoki!" akapiga kelele. "Sikia wewe mshenzi, hatoki!"

Sauti ikakoma. Kisha miguu, kushoto, kulia.

Kesho yake asubuhi Kinga alimpigia simu mtu pekee aliyefikiri angemwelewa, Mzee Lejzor wa Lublin, aliyekuwa akija mjini kila kiangazi kusafisha mawe ya makaburi ya Wayahudi. Mzee alifika kwa basi la adhuhuri. Alitazama tope la kibarazani, akazunguka, akaingia kwa nyuma. Hakuvua kofia wala hakutaka chai.

"Mtoto amepewa jina la nani?"

"La bibi yangu."

"Mungu amrehemu. Alifariki lini?"

"Mimi ndiye," bibi akasema kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. "Na sijafa. Nilimuuliza huyu, hakujibu."

Mzee Lejzor aliketi polepole. Akamgeukia Kinga.

"Mwanangu. Mishumaa walikufundisha, mkate walikufundisha. Hili hakuna aliyekwambia? Sisi hatumpi mtoto jina la mzee aliye hai. Hatumpi kamwe. Anayetumwa kuchukua roho huja na jina tu, hana picha. Akikuta wawili nyumba moja humchukua aliye mwepesi kubeba."

Kinga alijishika kichwa. "Nilidhani ni heshima. Wakatoliki hufanya hivyo."

"Hufanya. Nawe umeishi miaka ishirini na saba kama wao. Hukujua."

"Lakini bibi ana miaka themanini na mitatu! Kwa nini hakikuja siku zote hizo?"

Bibi ndiye aliyejibu, macho kwenye moto.

"Kilikuja. Tulikuwa kwenye handaki la viazi la mkulima mmoja, chini ya banda, mimi, baba na mama. Askari wa Kijerumani walisimama juu wakaita majina. Baba aliitwa akatoka. Mama aliitwa. Kabla hajatoka aliniziba mdomo, akaniambia, wakikuita Frajda usiitike, wewe ni Genowefa. Nikaitwa. Nikanyamaza. Askari wakaondoka. Halafu kikabaki kitu kingine pale juu, ambacho hakikuwa askari, kinaita. Kiliita siku tatu. Kiliita kwa sauti ya baba, kikaita kwa sauti ya mama. Mimi nilikuwa Genowefa, sikuitika." Akamgeukia mjukuu wake. "Miaka yote hiyo hakuna aliyelitaja. Wewe ukaja ukasimama katikati ya nyumba, ukakiita."

Bogumiła alikuwa amempakata mtoto; akambana zaidi kifuani.

"Kuna njia," Mzee Lejzor akasema. "Mgonjwa hubadilishiwa jina, ili anayekuja asimkute anayemtafuta. Mchague jina jingine, nitalisomea."

"Basi aitwe Łucja," Bogumiła akasema haraka.

"Hilo ni jipya, halijawahi kumficha mtu," bibi akasema. "Humu ndani lipo moja lililojaribiwa. Mpe la kwangu. Genowefa."

Kinga alielewa kabla ya wengine. "Na wewe, bibi? Ukilitoa utabaki na lipi?"

"Nina langu."

"Hapana. Bibi, hapana, nakuomba."

"Uliniletea zawadi bila kuniuliza," bibi akasema. "Sasa nami nakupa. Tukae sawa."

Mzee Lejzor alimtazama mwanamke yule kama anayetaka kukataa, kisha akainamisha kichwa. Aliweka kiganja juu ya mtoto, akasoma kwa sauti ya chini, na mwisho akasema kwa Kipolandi, ili kila mmoja aelewe, na ili anayesikiliza nje aelewe pia: "Mtoto huyu ni Genowefa. Hapa hakuna mtoto mwingine. Anayemtaka mwingine amekosea kitanda."

Nje miguu ikaacha kujifuta.

Harufu ikaja kwa chini ya mlango, nzito kiasi kwamba Bogumiła alifunika uso wa mtoto kwa aproni, na vioo vya madirisha vikafuka ukungu kwa ndani, na komeo ambalo Witek alilifunga kwa mkono wake likaanza kusogea lenyewe, kidole kwa kidole, na sauti ya furaha ya Kinga ikaita, safari hii si kwa tundu la ufunguo bali juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyesimama wima.

"Frajda!"

Bibi aliinuka. Alivaa koti lake, akafunga kifungo cha shingoni. Kinga alimshika mkono. Bibi akauondoa, si kwa ukali.

"Nipo," akaujibu mlango. "Mbwa wewe. Miaka yote nimekaa mtaa huuhuu, na unakuja kupapasa watoto?"

Kisha kitu kile kikaacha sauti ya Kinga kama mtu anayevua glovu, kikaita kwa nyingine, ya mwanamke aliyechoka, kwa lugha ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisikia mdomoni mwa bibi. Mabega ya bibi yakashuka. Akajibu kwa lugha hiyohiyo. Kinga hakuelewa hata neno, ila aliitambua namna ya sauti: ndivyo mtoto wa miaka sita anavyojieleza kwa mama yake kwa nini amechelewa.

Alifungua mlango kidogo tu, kiasi cha mwili wake, akapita, akauvuta nyuma yake. Zilisikika hatua zikishuka ngazi. Zilikuwa za watu wawili.

Halafu mtoto akalia. Alilia kwa hasira, ngumi hewani, uso mwekundu, na Kinga akampokea kutoka kwa Bogumiła, akafungua blauzi, na mtoto akalikamata titi akavuta mpaka likauma. Machozi yalimdondoka Kinga juu ya kichwa kile kidogo, lakini hakusogea. Alijua akisogea mtoto ataachia.

"Nenda ukamwone bibi, mama," akanong'ona. "Tafadhali. Mimi siwezi kuinuka."

Bogumiła alijifanyia ishara ya msalaba, akaenda, akaufungua mlango wote. Baridi ikaingia. Alisimama kizingitini akitazama uani, akavuta pumzi ili amwite bibi, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi.

Akageuka.

"Nimwiteje?" akauliza. "Genowefa ni huyo mtoto sasa."

Mtoto alikuwa akinyonya.