Tokeni ya Mama Selpha

Wenzangu wa Otonglo, nanyi mnaopita hapa mkielekea Busia, nitegeeni sikio. Nililonalo leo si la kuchekesha.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mama Selpha alikuwa kitandani, mrija wa oksijeni puani, akimtania mkaza mwanawe, Lornah, kwamba ugali wake siku hizi unanyweka. Miaka thelathini ya kukausha samaki kwa moshi wa kuni ilikuwa imemla mapafu, na hospitali ilimwazima mashine ya kumsaidia kupumua. Mashine yenyewe ilikula stima bila huruma. Hata hivyo mama alicheka, na mwanawe Okinyi, aliyekuwa akifunga viatu mlangoni, akacheka pia.

Mara mashine ikalia, ikanyamaza.

"Tokeni ya stima imeisha," Lornah akamwambia mumewe. "Lakini si akina mama wa kanisa walisema watatuma leo? Baba Elsie, angalia simu!"

Okinyi akaibana simu kiganjani. Ngojeni niwaeleze kwa nini.

Akina mama wa kanisa walikuwa wakichanga kila mwezi ili kununulia stima nyumba zenye wagonjwa. Wewe unaandika tu jina la mgonjwa, namba ya simu na namba ya mita. Okinyi ndiye aliyepewa fomu aijaze. Sasa kulikuwa na Frankline, mwenye baa na meza ya pool pale Kondele. "Andika mita yangu, bro," alimwambia. "Tokeni ikikam kwa simu yako, nitumie, nakukatia nusu ya bei yake, cash. Nani atajua?" Okinyi akaandika. Alijidanganya kwamba ni mwezi mmoja tu, na nyumbani yuniti bado zipo. Asubuhi ile tokeni ilifika, akamtumia Frankline, na nusu yake ikamalizikia kwenye kubeti kabla ya saa nne. Mwanamume mzima, jamani!

Lornah akampokonya simu. Aliuona ujumbe, akashukuru Mungu kwa sauti, akakimbilia mita na kubonyeza zile namba ishirini. Mita ikakataa. Akabonyeza tena. Ikakataa.

"Mbona inakataa? Mama anaishiwa na pumzi!"

Kule kitandani midomo ya Mama Selpha ilikuwa imeanza kuwa ya samawati. Okinyi alijua vizuri kwamba tokeni ya mita moja haiingii katika nyingine. Angesema. Aibu ikamfunga mdomo, na kilichomtoka hata mimi naona haya kukisimulia.

"Jaribu tena," alisema. "Pole pole. Labda umekosea namba."

Lornah akajaribu tena, na tena, huku analia. Kilio kile ndicho kilichomfikia Salme, jirani wa nyumba ya pili. Alikuja mbio na waya wa extension, akaupitisha dirishani bila kuuliza swali. Mashine ikaamka. Mama Selpha akavuta pumzi mbili tatu, akafumbua macho, akautafuta mkono wa mwanawe.

"Ero kamano, nyathina," akanong'ona. Asante, mwanangu. "Nilijua utalipa."

Lornah alikuwa bado ameishika simu. Sasa ndipo alipousoma ujumbe kuanzia juu.

"Okinyi. Hii mita ni ya nani?"

Mama alikuwa bado ameushikilia mkono wa Okinyi, akimtabasamia. Mara pumzi zikaanza kumkatika tena, ingawa mashine ilikuwa inafanya kazi. Salme akaita tuktuk, lakini moyo wa mama ulikuwa umechoka mno. Alifia njiani, kabla hawajafika hospitali.

FUNZO

Ndugu zangu, msaada wa mgonjwa si wa kugawana na wenye baa. Ukikabidhiwa fomu ya mtu asiyeweza kuinuka, andika mita yake, kisha mwite mwingine aisome namba hiyo kwa sauti. Na ukiwa umeshakosa, sema papo hapo, hata kama utatukanwa mbele ya mkeo. Mlango wa Salme uko hatua kumi kutoka kwa Okinyi. Waya ule ulikuwa umening'inia ukutani muda wote Lornah alipokuwa akibonyeza.