Ukili Uliotafunwa na Mbuzi

Agnella alifika nyumbani Mchombe Jumamosi mchana, amechoka hoi. Aliketi kwenye kigoda bila hata kuvua viatu. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Kelele za ndege zilisikika mpaka uani.

"Pole na safari, Mama Agnetha," alisema mumewe, Wendelin. "Kesho unarudi na gari la saa ngapi?"

"Sirudi. Nitarudi tukishavuna."

Agnella alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari wa Dar es Salaam alimpangia mionzi mara ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Wiki tatu zilikuwa zimekwisha. Damu iliyokuwa ikimtoka ilikuwa imekata. Lakini mwili, jamani! Kuhara, kichefuchefu, na uchovu usioisha hata ulale vipi.

"Hospitali walitufundisha wenyewe," alisema Agnella. "Mwili ukipumzika unajitengeneza. Basi nitapumzika wiki mbili, ujitengeneze vizuri. Na ndege nani atawaamia? Wewe ukikaa shambani kidogo tu, unasinzia."

Hilo lilikuwa kweli. Kila msimu Agnella ndiye aliyefukuza ndege, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Wendelin akatoka kimya kimya kwenda kumwita Mwanaheri, muuguzi wa zahanati.

Jioni Mwanaheri alipiga hodi.

"Karibu, dada," alisema Agnella. "Ila kama umetumwa na Baba Agnetha, umepoteza muda."

"Nimetumwa, ndiyo. Lakini pia nimekuja kukupa pole. Unashona nini?"

"Sishoni, naunga. Mbuzi wa mume wangu hana adabu, ametafuna ukili wangu, huu msuko wa kushonea mkeka."

Alikuwa ameulaza ukili mwingine pembeni. Alitazama rangi zake: nyekundu, kijani, nyekundu. Kisha aliingiza miyaa mipya ya ukindu kwa kufuata mpango uleule.

"Huo wa pembeni wa kazi gani?"

"Bila kutazama mwenzake nitajuaje kilicholiwa? Nikiunganisha ncha tu, utashika, lakini rangi zitapotea."

"Hata seli za mwili wako hufanya hivyo," alisema Mwanaheri. "Ndani ya seli mna vinasaba, yaani maelekezo ya kuiongoza. Viko kama uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa. Mionzi huzikata zote mbili. Seli yenye afya huziunga. Mara nyingine huunganisha ncha tu haraka haraka, na kitu kidogo huweza kupotea. Ikiwa ina nakala ya pili, huitazama hiyo, ikarudisha kilichokuwapo."

"Si ndivyo nilivyosema? Niacheni nipumzike zijiunge!"

"Ngoja, mama. Seli zako zenye afya zinahitaji saa chache, labda siku moja. Ndiyo maana unapigwa mionzi kidogo kidogo. Seli ya saratani ni fundi mbovu. Haijamaliza kuunga, inakatwa tena. Mwisho inashindwa kugawanyika, inakufa. Sasa wewe ukiipa wiki mbili?"

Mikono ya Agnella ilisimama. "Na yenyewe itaunga."

"Itaunga, na itazaana. Ukiacha kuamia siku tatu, ndege wanakusubiri?"

Agnella akaanza kulia. "Nimechoka, Mwanaheri. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Najua, ndugu yangu. Lakini huko kuhara kuna dawa. Mwambie daktari keshokutwa, usinyamaze."

Wendelin alikuwa amesimama mlangoni. "Nitaamia mimi," alisema. "Nikisinzia, ndege wanile mimi."

Jumapili alfajiri Agnella aliuacha ukili haujakwisha kuungwa, akapanda basi. Hakuwa na furaha yoyote. Alikwenda tu. Alimweleza daktari, akapewa dawa ya kuhara. Hakukosa siku hata moja mpaka matibabu yote yakaisha.

Aliporudi, mpunga ulikuwa umeshaingia kwenye magunia. Kona moja ya shamba ndege walikuwa wameila yote, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Miezi mitatu hakugusa mikeka. Ndipo akaenda kupimwa, na daktari hakuona uvimbe. Alimwambia aendelee kurudi kliniki kila atakapopangiwa.

Siku aliyofika kutoka huko, aliukuta ule mkeka umeshashonwa, umetandikwa ukumbini. Aliutazama. Katikati, nyekundu ilikuwa imegusana na nyekundu, kijani hakuna.

"Nani ameunga hapa?"

"Mimi," alisema Wendelin. "Niliunga kulekule shambani, nisisinzie."

"Hukutazama mwenzake."

"Sikutazama."

Agnella aliuvuta kwa mikono miwili. Ulishika. Akavua viatu, akajilaza palepale mchana kweupe, akalala.

Wendelin akaenda kumfunga mbuzi.