Pipa Lililotobolewa

Kila alasiri akitoka shule, Kiraka alipita kando ya chuo cha zamani cha ufundi, pale ufukweni. Mtaa ulimwita Kiraka kwa kuwa hakukuwa na ndoo wala kandambili iliyomshinda kuziba. Chuo kilikuwa kinasafishwa. Wafanyakazi waliofunika nyuso walitoa mapipa yaliyowahi kuwekewa sumu ya kung'arishia vyuma, wakayatoboa moja moja kwa mtaimbo.

Bibi yake alisema hiyo ni roho mbaya tu, watu wanalilia maji wao wanaharibu vyombo. Msimamizi aliwaeleza watoto mara mbili kwamba pipa la sumu halioshiki likatakata. Kiraka alisikia, hakuwa kiziwi. Hata hivyo alivingirisha pipa moja kupitia pengo la ukuta, akayeyusha plastiki akaziba tundu, akaukwangua na mchoro wa fuvu ulioonya kuwa kuna sumu. Mama alipouliza, alijibu kuwa wamepewa. Bibi akamsifu kuwa ana mikono ya dhahabu, wakalijaza maji ya akiba, na mdogo wake akawa wa kwanza kuyanywa.

Siku ya tatu, alfajiri, mdogo wake wa miaka minne alitapika mpaka akalegea. Hospitalini daktari alimuuliza Kiraka, maana ndiye aliyeshinda naye, mtoto amekula au kunywa nini. Kiraka alimwogopa mama yake. Akasema ni chakula kilicholala. Daktari akarudi na swali lile lile, naye akarudia uongo ule ule, huku mtoto akizidi kuzorota.

Adhuhuri mdogo wake akaacha kulia. Hapo Kiraka akasema, "Ni maji ya pipa la chuo. Niliiba."

Mama akamzaba kofi mbele ya watu wote. Bibi, yule yule wa mikono ya dhahabu, akaapa kuwa alimkataza tangu mwanzo.

Daktari alikimbilia dawa. Jioni mtoto alifumbua macho. Roho ilikuwa imepona, lakini figo zilikuwa zimeharibika, na kila wiki angerudi kusafishwa damu. Wafanyakazi wa chuo walikwenda nyumbani kwao wakalichukua pipa.

"Asubuhi dawa hii ingeziokoa figo zake," daktari alimwambia Kiraka. "Mimi nilikuwa nakisia, wewe ulikuwa unajua. Ukikosea, mwanangu, sema saa ile ile, hata kama kofi linakungoja. Kofi hupoa."

Mtoto akaomba maji. Muuguzi akampa kijiko kimoja, kisha akakiondoa kikombe, kwani figo zile hazikuweza tena maji mengi.